Mama wa Chini na Mama wa Juu

Mwalimu alimwuliza Belyse kwa nini jana hakuja shule, naye akajibu kweli tupu: alibaki nyumbani kumwangalia mdogo wake, Lyse, aliyekuwa na homa. Mwalimu akauliza mama alikuwa wapi. Belyse akasema mama wa chini alikuwa kazini, mama wa juu alikuwa kazini, na baba pia. Mwalimu akaenda ofisini kuangalia kadi ya shule. Ilikuwa imeandikwa kwamba Belyse, miaka kumi, ni mtoto pekee wa Dévote, mjane kutoka Burundi. Hapakuwa na mdogo wala baba, na mama alikuwa mmoja tu.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2007, na baridi ya Sydney ilikuwa imeingia hadi kwenye kuta. Jioni hiyo Belyse aliwasimulia watu wazima yaliyopita huku akimvalisha Lyse soksi. Alisimulia kama jambo la kuchekesha. Hakuna aliyecheka.

Waliishi Auburn, katika jengo la matofali mekundu karibu na reli. Dévote alikaa chini. Mdogo wake, Candide, alikaa ghorofa ya pili na mumewe Lazare na watoto wawili, Irambona wa miaka saba na Lyse wa miaka minne. Belyse alizaliwa na Candide. Alipoachishwa ziwa, huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Kigoma, alipelekwa kwa Dévote, na tangu hapo akawa wa Dévote. Jambo hilo halikuwa siri. Warundi wote wa Auburn walimwita Dévote Mama Belyse na Candide Mama Irambona, na hakuna aliyeona kitu cha kueleza. Mtoto alilala chini, akala pale chakula kilipoiva kwanza, na akagombezwa na yeyote aliyekuwa karibu. Majina ya mama wa chini na mama wa juu aliyatunga mwenyewe siku walipohamia jengo hilo.

Baada ya siku nne ilikuja barua. Afisa wa ustawi wa watoto angewatembelea Alhamisi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Dévote.

*

Lazare aliwakusanya wote chini. Alikuwa ametoka Wetherill Park, kwenye ghala alikopakia friji na mashine za kufulia tangu alfajiri, na hakuvua hata koti lake la kazi.

"Sikilizeni," alisema. "Mwezi wa tisa tunaapa uraia. Dosie yetu, faili zima, imekaa vizuri. Mnajua ninausubiri kwa ajili ya nani."

Walijua. Mama yake alikuwa bado kambini, na kambi ilikuwa inafungwa. Lazare aliamini kwamba akishakuwa raia, ombi la kumleta mama yake lingesikilizwa haraka.

"Wakijua Belyse hakuzaliwa na shemeji, watasema tulidanganya tangu mwanzo. Watatupekua wote."

"Sikudanganya," Dévote alisema. "Yule mtu wa kambini aliniuliza, huyu ni mtoto wako? Nikasema ndiyo."

"Hapa wanauliza tumbo, shemeji. Hawaulizi mgongo."

Candide alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, bado na sare ya nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kizungu. "Na nikisema nilimzaa mimi," aliuliza, "si watamtoa kwa dada?"

"Watamtoa kwa dada, au watamchukua wao. Familia ngapi tumesikia zimenyang'anywa watoto?"

Hakuna aliyejua idadi. Walikuwa wamesikia tu, na kusikia kulitosha.

Lazare akamwita Belyse, aliyekuwa jikoni akiosha mchele. Akaja akijifuta mikono kwenye sketi ya shule.

"Wewe ni mkubwa," alimwambia. "Wakikuuliza mama yako nani, sema Dévote. Wakikuuliza Candide ni nani, sema anti."

Belyse alijibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu siku zote. Alisema mwalimu amemwambia hao watu wakiuliza, wajibiwe kweli.

"Siyo uongo," Lazare alisema. "Ni kupunguza maneno."

Mtoto akawatazama mama zake wawili mmoja baada ya mwingine. Dévote akainama kuokota kitu ambacho hakikuwapo sakafuni. Candide akasema, "Msikilize baba yako." Kwao, mtoto wa miaka kumi alikuwa tayari mtu wa kutumwa dukani, wa kuachiwa mdogo mgonjwa, wa kuaminiwa siri ya nyumba, na Belyse alikuwa amekua akijivunia kuaminiwa. Alirudi jikoni akaendelea kuosha mchele ambao ulikuwa umeshatakata.

*

Afisa aliitwa Lorraine. Alikuwa mama wa makamo, mpole, na alipoona viatu mlangoni akavua vyake, akaingia na soksi zenye tundu dogo kidoleni. Upole wake ulimtisha Dévote zaidi ya ukali, kwa sababu hakujua la kuufanyia. Lorraine aliweka simu mezani, akaiongeza sauti, na mkalimani akaingia hewani. Alikuwa Mkenya, jina lake Muriuki.

"Habari yenu, mama," alisema kutoka huko alikokuwa. "Mimi nitatafsiri kila kitu, yangu sitaongeza."

Lorraine aliomba ruhusa ya kufungua friji. Akaona sufuria ya maharage, maziwa, mfuko wa mchicha. Akaandika. Akaomba kuona chumba cha kulala. Kilikuwa na kitanda kimoja kipana, mito miwili, na picha ya Bikira Maria.

"Anasema mtoto ana miaka kumi," Muriuki alisema.

"Naijua miaka yake," Dévote alijibu.

"Anauliza kama kuna sababu mtoto hana kitanda yake."

"Sababu ya nini? Tunalala."

Muriuki akasema kwa Kiingereza maneno mengi kuliko hayo. Lorraine akatikisa kichwa kwa huruma. Dévote hakujua amehurumiwa kwa lipi.

Candide alikuwa ameshuka, kwa sababu barua ilitaka jamaa wa karibu wawepo. Lyse alishuka nyuma yake, akaenda moja kwa moja kwa Belyse, ambaye siku hiyo hakwenda shule, akainua mikono. Belyse akainama, akamweka mgongoni na kumfunga kitenge, hata hakufikiri, huku jicho lake likiwa kwenye chungu kilichokuwa jikoni. Kalamu ya Lorraine ikasimama.

"Anauliza kama hiyo ni kazi yake huyo msichana."

"Kazi?" Dévote aliuliza. "Ni mdogo wake."

"Mama, niseme mdogo wake, ama binamu? Kwa karatasi yake huyu afisa, Belyse ako peke yake."

Dévote akamtazama Candide.

"Binamu," Candide alisema.

Lorraine aliweka kalamu chini. Alizungumza taratibu, akimtazama Candide usoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kabla ya kukanyaga.

"Sasa mama, unisikilize vizuri," Muriuki alisema. "Anauliza wewe, Candide. Anasema ni lazima aulize. Belyse ni mtoto umezaa?"

Belyse alikuwa amesimama kando ya jiko na Lyse mgongoni. Hakuhitaji mkalimani. Swali hilo alilisikia mara mbili, na mara zote mbili hakugeuka.

Candide alimfikiria dada yake. Alimfikiria mama mkwe wake kambini. Aliwafikiria Irambona na Lyse wakipekuliwa vitanda na miaka. Yote hayo yalimpita kichwani kwa muda wa pumzi moja.

"Hapana," alisema.

Muriuki alitafsiri. Neno hilo halikumpa kazi.

"Anauliza, basi wewe na yeye mko nini?"

"Mimi ni mama yake mdogo."

"Kwa Kizungu hakuna hiyo, mama. Nitasema anti."

Candide alitazama simu ile mezani, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka. "Sema," alisema.

*

Kesho yake Lorraine alizungumza na Belyse peke yake shuleni, katika chumba cha mwalimu mkuu. Mtoto aliporudi, Dévote alimwuliza walichosema.

"Mambo," Belyse alijibu.

"Mambo gani?"

"Mambo tu, Mama."

Wiki tatu baadaye barua ilikuja, na kwa kuwa ilikuwa ndefu, ni Belyse mwenyewe aliyewasomea, akisimama katikati ya sebule na kuigeuza kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Ofisi haikuona hatari kwa mtoto. Ofisi ilishauri mtoto apate kitanda chake. Ofisi iliwakumbusha walezi kwamba mtoto wa umri huo hapaswi kuachwa peke yake na mtoto mgonjwa. Ofisi iliwashukuru mama mzazi, Bi Dévote, na anti wa mtoto, Bi Candide, kwa ushirikiano wao. Faili limefungwa. Aliisoma vizuri, bila kukwama, akaikunja ilivyokuwa na kumpa Lazare.

Lazare alifurahi. Jumamosi hiyo hiyo alileta kitanda kidogo cha chuma alichopewa na mtu wa kanisani. Kilipoingia chumbani, mlango wa kabati haukufunguka tena isipokuwa kwa upana wa mkono mmoja, na tangu siku hiyo Dévote alitoa nguo zake kwa kuzivuta kama mwizi.

Jumamosi pia ilikuwa siku ya nywele. Candide alishuka na kitana na mafuta, akakaa kwenye kochi, na Belyse akaja akakaa sakafuni kati ya magoti yake kama kawaida. Candide alimsuka kwa saa mbili. Belyse alimwambia nani kagombana na nani shuleni, akamwambia swali la hesabu alilokosa. Candide alipomaliza, mtoto akasimama, akajishika kichwa kuona mistari.

"Asante, Anti," alisema.

Candide alidhani anatania. Akasubiri acheke. Belyse alikuwa ameshachukua ufagio na kufagia nywele zilizoanguka.

Halikuwa kosa la ulimi. Jumatatu lilikuwa Anti, na Jumatano Anti. Wala hakulisema kwa hasira. Mtu angeweza kuipokea hasira. Lilikuwa na adabu ya mtoto aliyekwenda kwa wageni. Hakuacha kumbeba Lyse, lakini akipandisha naye juu alisimama mlangoni, akamshusha, akarudi chini. Candide akimwambia aingie ale, alisema ameshiba.

Jumapili, baada ya misa, walisimama nje ya kanisa na Chibalonza, mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa pamoja na mwalimu wa watoto wa komunyo, Mzungu kijana. Mwalimu akamtazama Candide, akamwuliza Belyse huyu mama ni nani. "Ni anti yangu," Belyse alisema kwa Kiingereza chake safi. Chibalonza alianza kucheka, kisha akaona uso wa Candide.

"Mama Irambona," alisema pole pole, "mtoto amejifunza wapi hiyo?"

Candide alisema upepo ni mkali, Lyse atapata mafua tena, akaondoka bila kungoja wengine.

*

Dévote alimkuta Candide siku ya pili yake kwenye kamba za nguo nyuma ya jengo, akianua sare mbili za kazi ambazo zilikuwa bado mbichi.

"Nimejitakia mwenyewe, dada," Candide alisema kabla hajaulizwa.

"Ulisema vile ili nibaki naye."

"Ndiyo."

"Nimebaki naye. Lakini hasemi kitu. Anakula, anaosha vyombo, anasoma, analala kwenye chuma kile. Namwuliza, anasema niko sawa. Tangu lini mtoto yule akawa sawa?"

Dévote alichukua sare kutoka mikononi mwa Candide akazirudisha kwenye kamba, akazinyoosha mikono kama alivyonyoosha mashuka ya hospitali kazini kwake, elfu kwa siku.

"Nataka kwenda kusema," alisema.

"Kwa nani? Lazare hatakubali."

"Sikusema nataka kumwuliza Lazare."

"Dada, ni wewe utakayepoteza. Jina lako ndilo liko kwenye ile karatasi."

"Najua jina langu liko wapi."

Walikwenda Ijumaa, kila mmoja akiwa amesema kazini kwamba anaumwa. Ofisi ya wanasheria wa msaada ilikuwa juu ya bucha ya halali, ngazi nyembamba, na mwanasheria aliyewapokea aliitwa Nusra. Wazazi wake walikuwa watu wa Tanga. Yeye alikulia papo hapo Auburn, na Kiswahili chake kilikuwa sahihi lakini cha kutafutatafuta, kama mtu anayepanga vyombo vya mama yake.

"Nielezeni," alisema. "Mtoto alitolewaje?"

"Hakutolewa," Dévote alisema. "Wangu wawili walikufa kambini, wiki moja, kwa surua. Niliacha kula. Siku ya tisa au ya kumi huyu akaja na Belyse mgongoni. Akamweka kwenye mkeka wangu. Akasema, amka umpikie, mimi sina nafasi ya kumpikia. Nikaamka."

Nusra alikuwa akiandika. "Na kweli hukuwa na nafasi?" alimwuliza Candide.

Candide alikuwa anatazama mikono yake. "Nilikuwa na nafasi," alisema. "Sikuwa na mtoto mwingine."

Nusra aliacha kuandika. Chini yao kisu cha mwuza nyama kilikuwa kinagonga ubao. Kisha akawaeleza, wala hakupamba maneno. Wanaweza kuandika kwa serikali kurekebisha karatasi. Huenda watu wa uhamiaji wakaelewa, kwa sababu mtoto alilelewa kweli na alikuwa tegemezi kweli. Huenda wakasema walidanganywa. Uraia wa mwezi wa tisa utasimamishwa, wa Dévote hakika, wa wengine pengine. Itachukua mwaka, huenda zaidi. Kuhusu mtoto atakaa na nani, atapigania abaki alipo, lakini hawezi kuahidi.

"Na tukinyamaza?" Candide aliuliza.

"Mkinyamaza, faili limefungwa. Hakuna anayewatafuta."

Dévote aliomba kalamu. Mkono wake ulikuwa mzito katika kuandika. Alijifunza kambini, akiwa mtu mzima, na jina lake lilimchukua muda. Candide alisaini chini yake, kwenye mstari uliosema mama mzazi. Alisoma neno hilo mara mbili kabla ya kuandika, ingawa lilikuwa kwa Kiingereza, na alilijua.

Lazare alipoambiwa hakufoka. Alikaa ngazini na boksi lake la chakula mapajani, kati ya nyumba ya chini na nyumba ya juu, na watu wa jengo wakampita wakisema samahani.

"Mmenifungia mama yangu nje," alisema mwishowe.

Hakuna aliyeweza kumwambia siyo kweli. Kwa siku nyingi baadaye alizungumza na watoto tu.

*

Siku ile waliyosaini, walitoka kwa Nusra wakaenda moja kwa moja shuleni, wakasimama pamoja langoni. Belyse alipotoka na Irambona, aliwaona wote wawili akapunguza mwendo. Watu wazima wawili langoni saa tisa, siku ya kazi, hawakuwa habari njema.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna," Dévote alisema. "Tembea."

Walitembea kufuata reli. Irambona alitangulia akipiga uzio na rula. Dévote alimweleza mtoto waliyoyafanya, kwa maneno machache: kwamba wameandika kwa serikali kuwa Candide ndiye aliyemzaa na yeye ndiye aliyemlea, kwamba huenda mambo yakawa magumu, kwamba kosa siyo lake.

"Lakini hiyo mimi najua," Belyse alisema. Alisema kwa Kiswahili, kwa shida kidogo, akichagua. "Kila mtu anajua. Siyo hiyo."

"Ni nini basi?" Candide aliuliza.

Belyse alisimama. Treni ilikuwa inapita, wakangoja ipite.

"Wewe ulisema hapana."

Candide alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa mengi: karatasi, bibi aliye kambini, wadogo zake Belyse. Yote alikuwa ameshayasema kichwani kwa wiki nyingi, na sasa alipomtazama uso na ule mstari wa nywele aliomsuka mwenyewe, aliona hayafai kumpa mtoto ayabebe.

"Niliogopa," alisema.

"Hata mimi niliogopa. Yule mama aliniuliza kule shuleni. Aliniuliza, Candide ni mama yako?" Belyse alirekebisha mkanda wa begi begani. "Sikusema kitu. Aliuliza tena, nikanyamaza. Akanipa juisi, nikanyamaza. Nilikaa mpaka kengele ikalia. Sikusema ndiyo kwa sababu ya Baba. Lakini sikusema hapana."

Dévote aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Candide hakumgusa. Alihisi hana ruhusa, na hakujua ruhusa hiyo inaombwa kwa nani.

Walifika nyumbani. Candide alimchukua Lyse kwa jirani, akapanda naye juu pamoja na Irambona, akaacha mlango wazi, akaanza kumenya viazi. Alisikia chini maji yakifunguliwa, vyombo vikigongana, Dévote akikohoa. Baadaye akasikia hatua ngazini, zikapanda nusu ya ngazi zikasimama.

"Lyse amekula?" Belyse aliuliza kutoka hapo.

Candide alingoja mwisho wa swali, jina ambalo mtoto angeliweka pale. Halikuja. Hakusema Anti. Hakusema Mama.

"Bado," Candide alijibu.

"Basi nitakuja kumlisha," mtoto alisema, akabaki amesimama pale katikati ya ngazi.